Video Yenye Kigugumizi

Hebu chungulieni chini ya vitanda vyenu. Kwa sisi Waswahili tuliofika huku Uingereza kabla ya simu za mkononi kuingia kila mfuko, chini ya kitanda kuna sanduku, na ndani ya sanduku, chini ya kanga ambazo hazijavaliwa na vyeti vya kuzaliwa, kuna kanda za video. Harusi ya fulani, safari ya Lamu, mtoto akijifunza kutembea kwenye ua wa bibi yake. Pembeni zimeandikwa kwa kalamu ya wino na wino umeshafifia. Deki ya kuzichezea iliharibika zamani, ikatupwa pamoja na zulia la zamani.

Miaka ya karibuni wengi wetu tumeanza kuzihamisha kanda hizo ziwe mafaili ya kompyuta, na ni jambo jema ambalo tunalipigia debe kila tunapokutana. Lakini kuhamisha ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuyatazama mafaili yenyewe sebuleni, kwenye televisheni, watu wazima wamekaa kitako na chai yao, bila picha kuganda wala sauti kukatika. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Ni habari ya mitambo na tarakimu, na asiyependa mambo hayo atuvumilie kidogo, kwa maana kilichokuwa ndani ya picha zetu kilikuwa kizito kuliko mitambo.

Sisi ni mabinti watatu wa mama mmoja, na tunaishi Leicester, katika mojawapo ya zile nyumba za matofali mekundu zilizobanana mtaa mzima. Mwaka 1991, tukiwa bado wadogo, dada yake Mama, ambaye sisi tukimwita Mama Mkubwa, alimwoza binti yake kule Mombasa. Mama hakuweza kwenda. Nauli ya watu wanne ilikuwa mlima. Basi familia ikafanya kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo: ikamkodi mwanamke mpiga video, akaichukua shughuli ya kupamba tangu jioni hadi usiku wa manane, na kanda mbili zikaletwa na msafiri, zimefungwa ndani ya leso katikati ya nguo zake.

Kwa vijana wetu waliozaliwa huku, kupamba ni shughuli ya wanawake watupu. Bibi harusi hukalishwa jukwaani atazamwe, wanawake huvua mabuibui, marashi na asumini tele, ngoma hadi viatu vivuliwe. Mwanamume haingii, na kanda ya usiku huo hatazamishwi mwanamume. Hili lina maana kubwa katika habari yetu. Watu walituuliza kwa nini tusiipandishe YouTube tumalize, au tusimpe fundi wa dukani aishughulikie. Haiwezekani. Mle ndani wamo kinamama wenye heshima zao waliokubali kurekodiwa kwa sharti kwamba kanda itabaki kwenye ukoo, na baadhi yao hawapo tena kuombwa ruhusa mara ya pili. Kwa hiyo kila kazi iliyoihusu ilikuwa yetu sisi watatu. Mtoto wa kaka yetu, ambaye anasomea kompyuta chuoni, alitusaidia kwa sauti tu, amesimama ukumbini nyuma ya mlango uliofungwa: "Shangazi, bonyezeni palipoandikwa hivi. Mmeona? Haya, sasa nisomeeni."

Mama Mkubwa alikuwa mwimbishaji wa vugo. Vugo ni pembe za nyati zinazopigwa kwa vijiti, na wanawake wakizipiga ishirini kwa pamoja sauti yake inakwenda hadi mtaa wa tatu. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo na kushika pigo, na wengine wakifuata. Alifariki mwaka 2017. Wakati huo Mama alikuwa na maradhi ya moyo na daktari alimkataza kupanda ndege, kwa hiyo hakuiona maiti ya dada yake wala kaburi lake. Ndipo alipoanza kuziulizia zile kanda mbili.

Mwaka 2018 dada yetu mkubwa alizihamisha. Aliazima deki, akaiunga na kamera ya zamani ya MiniDV yenye uwezo wa kupokea picha kutoka kwenye deki na kuigeuza kuwa ya dijitali, na kamera akaiunga na kompyuta ya ghorofani. Usiku mzima mmoja kwa kila kanda, kwa sababu kanda ya saa tatu haihamishwi kwa chini ya saa tatu, na kila ikikwama unarudia. Sebuleni, nyuma ya televisheni, tuliweka kikompyuta cha Raspberry Pi 3, kitu kidogo cha kuenea kiganjani, kilichotoka mwaka 2016. Ndani yake tukatia programu ya kuchezea video inayoitwa Kodi. Mama alipolisikia jina hilo alishtuka. "Kodi ya nyumba imepanda tena?" Tulicheka, lakini tangu siku hiyo hatukuliita jina jingine ila kodi ya nyumba. Kwa taarifa ya wenye kupenda historia, programu hiyo ilianzia kwenye mashine ya michezo ya Xbox, ikaitwa XBMC kwa miaka mingi, na jina la Kodi ililipata mwaka 2014.

Jumamosi ya kwanza tulipika, tukafunga mapazia, wakaja na shoga zake Mama wawili. Picha ikaja safi kabisa. Tukamwona Mama Mkubwa amejifunga kanga kiunoni, pembe mkononi, ananyanyua kijiti. Zikapigwa pembe, na wimbo ukaanza. Baada ya muda picha ikaganda. Ikaenda, ikaganda. Pigo la vugo likawa kama mtu mwenye kigugumizi anayehesabu. Mama akakunja uso. "Huyu siye dada yangu," alisema. "Dada yangu hakosei pigo."

Ushauri ulianza kumiminika usiku huohuo. Shoga mmoja alisema televisheni ni nzee. Mwingine alisema kanda yenyewe imeoza. Jumatatu tuliipigia simu kampuni inayotuletea intaneti, na kijana mpole akatuambia tatizo ni kifurushi chetu, tuongeze pauni kadhaa kwa mwezi tupate cha kasi zaidi. Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo, kwa maana tumewajua jamaa waliolipa fedha hizo na kigugumizi kikabaki palepale. Faili letu halikuwa linatoka kwenye intaneti. Lilikuwa linatoka kwenye kompyuta ya ghorofani, linapita kwa wai-fai hadi sebuleni, na halikutoka nje ya mlango wetu. Kifurushi hata kingekuwa cha ikulu kisingelisaidia. Kilichokuwa na kazi ni njia ya ndani ya nyumba: ruta, kuta mbili za matofali, na bomba la moshi la zamani lililozibwa katikati.

Na bafa. Neno hili wengi tunalisikia tu tunapokiona kile kiduara kinachozunguka, tukadhani bafa ni jina la ugonjwa. Kinyume chake, bafa ndiyo dawa, na kiduara ni dalili kwamba dawa imekwisha.

Aliyekulia Mombasa hahitaji kufundishwa bafa ni nini. Maji ya Mzima yanakuja leo, kesho hayaji, keshokutwa yanakuja saa tisa za usiku. Ukitegemea bomba moja kwa moja utaoga nusu na povu kichwani. Kwa hiyo watu huweka tangi juu ya paa. Bomba linatia maji kwenye tangi wakati wake linapopenda, na wewe unafungua mfereji wako kutoka kwenye tangi, nao unatoka sawasawa kama vile mjini hakuna shida. Bafa ya video ni tangi hilo. Programu haichezi picha inapofika tu. Inazipokea picha za mbele na kuziweka kwenye kumbukumbu ya mashine, halafu inakuchezea kutoka humo. Wai-fai ikizimia kwa sekunde kumi, wewe hujui, kwa sababu unatumia ya tangini.

Sasa tangi la Kodi, kama linavyotoka kiwandani, lina ukubwa wa megabaiti 20. Je, hizo ni nyingi au chache? Inategemea mfereji wako unatumia kiasi gani. Kanda ya kwanza dada yetu alikuwa ameshaibana kwa muundo wa H.264, ikawa inatumia megabiti 4 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, na hapa watu huchanganyikiwa kwa sababu kampuni hutangaza kasi kwa biti na mafaili yetu hupimwa kwa baiti. Megabiti 4 ni nusu megabaiti. Tangi la megabaiti 20 basi ni sekunde 40, na ukitoa robo ambayo programu huiacha kwa ajili ya mtu kurudisha nyuma, unabaki na nusu dakika.

Nusu dakika ingetosha nyumba nyingi. Kwetu haikutosha, na kujua kwa nini kulituchukua wiki mbili. Tulikuwa tunaijaribu ile kanda usiku peke yetu na inakwenda vizuri, hata dakika arobaini bila kasoro. Akija Mama na wageni inaganda. Mdogo wetu akaanza kusema labda Mama Mkubwa hataki kutazamwa na watu. Mwishowe dada mkubwa, akiwa jikoni, alisikia kelele za sebuleni na papo hapo akausikia mlio wa maikrowevu aliyoiwasha mwenyewe kupasha sambusa. Akaizima. Baada ya muda mfupi picha ikaendelea. Akaiwasha, akahesabu, na kabla hajafika sitini picha ikaganda.

Maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya karibu gigahetzi 2.45, na wai-fai ya zamani husafiri kwenye mawimbi ya gigahetzi 2.4. Ni majirani wa mlango kwa mlango, na maikrowevu ni jirani wa kelele. Raspberry Pi 3 ya toleo la mwanzo haina uwezo wa kutumia mawimbi ya gigahetzi 5, ambayo yangeliepuka ugomvi huo. Ile yenye uwezo huo ilitoka mwaka 2018. Na kwetu sambusa hupashwa dakika mbili. Bafa ya nusu dakika dhidi ya dakika mbili za kelele: hesabu iko wazi.

Hapo tukajua la kufanya. Siku zile, mwaka 2019, Kodi haikuwa na menyu ya kubadilisha bafa. Ulitakiwa uandike faili dogo kwa mkono, jina lake advancedsettings.xml, ulitie kwenye folda ya mtumiaji, uwashe upya mashine. Mtoto wa kaka yetu alitusomea herufi moja moja kutoka ukumbini kama mwalimu wa imla. Tuliandika ukubwa wa kumbukumbu 104857600, ambayo ni megabaiti 100 kwa lugha ya baiti. Tukaandika pia kwamba bafa itumike kwa mafaili yote, yakiwemo yanayotoka kwenye kompyuta ya nyumbani, na kwamba tangi lijazwe kwa kasi kubwa wakati njia ni nzuri, lisisubiri. Tangi la megabaiti 100, ukiondoa ile robo, ni dakika mbili na nusu. Sambusa zikawa za moto na vugo halikukosa pigo.

Siku hizi kazi imekuwa rahisi. Tangu toleo la 21, lililotoka mwaka 2024, mipangilio hii imo ndani ya menyu ya Kodi yenyewe, kwenye sehemu ya huduma, na lile faili la mkono halisikilizwi tena kwa mambo ya bafa. Mwenye maelekezo ya zamani aliyoyanakili kwa rafiki asishangae yasipofanya kazi.

Lakini msijaze tangi kwa pupa. Kodi huhitaji kumbukumbu ya bure mara tatu ya ukubwa unaouandika, kwa hiyo megabaiti 100 zetu zilitaka 300, na Raspberry Pi 3 nzima ina gigabaiti 1 tu ya kugawana na shughuli zake nyingine. Jamaa mmoja aliandika 500 kwenye kisanduku kama chetu na kikawa kinazimika katikati ya filamu, akadhani ni umeme. Wengine huandika sifuri, wakidhani maana yake ni kufuta bafa. Sifuri humwambia Kodi aweke akiba kwenye diski badala ya kumbukumbu, na kama diski yenyewe ni kile kikadi kidogo cha SD, utakichakaza kwa kukiandikia bila kupumzika. Wanaotazama kwenye kompyuta ya kawaida kwa programu ya VLC, ile iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wa Paris mwaka 1996, wao bafa yao huhesabiwa kwa milisekunde. Ya mtandao huwa 1000, yaani sekunde moja. Kuipandisha hadi 3000 au 5000 hakudhuru kitu, isipokuwa video itachelewa kidogo kuanza.

Tukaiweka kanda ya pili kwa furaha. Ikaganda. Maikrowevu ilikuwa imezimwa, tukaichomoa kabisa kwenye soketi, ikaganda vilevile. Na ilichagua pa kugandia. Mwisho wa shughuli mpiga video alizunguka akiwaomba watu wamsalimie ndugu aliyeko Uingereza, na Mama Mkubwa akasogea hadi uso ukajaa skrini, akasema, "Mdogo wangu, lile sufuria..." Hapo akaganda, mdomo wazi. Mdogo wetu akainyakua rimoti airudishe nyuma. Mama akanyoosha mkono kumzuia. "Mwacheni amalize," alisema. Akasubiri, ameinama mbele kidogo, kama mtu anayemsubiri mgonjwa apate pumzi.

Hatuna budi kueleza kwa nini. Mara ya mwisho kwa Mama kusema na dada yake ilikuwa kwa simu ya intaneti, mwaka 2017, siku nne kabla ya msiba. Sauti ilikuwa inakuja na kupotea. Mama Mkubwa alianza sentensi, ikakatika, na iliporudi alikuwa ameshapewa simu mtu mwingine. Mama ameuliza kila aliyekuwa chumbani siku ile dada yake alikuwa akisema nini. Hakuna anayekumbuka.

Watu hutuuliza: kama bafa ni dawa, kwa nini simu za nyumbani hazitiwi bafa? Zimetiwa, lakini ni kikombe, si tangi. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unashauri sauti ya simu isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikizidi sana, watu huanza kugongana maneno, huyu anajibu, yule ameshaanza jingine. Video ya harusi ya 1991 inaweza kungoja dakika mbili na nusu tangini, kwa kuwa yote yaliyomo yameshatokea. Mtu aliye hai upande wa pili hawezi kuwekwa tangini dakika mbili na nusu, hayo yatakuwa barua, si mazungumzo. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa wamepiga simu Mombasa kutoka Leicester.

Turudi kwenye kanda ya pili. Ilitulazimu tufanye jambo ambalo tungemshauri kila mtu alifanye kabla ya kugusa mpangilio wowote: kuipima njia. Tulichukua faili la gigabaiti 1, tukalinakili kutoka kompyuta ya juu hadi kisanduku cha chini kwa wai-fai, na saa ya jikoni mkononi. Dakika saba. Hiyo ni kama megabaiti 2.4 kwa sekunde. Halafu tukalitazama faili la kanda ya pili. Hili dada yetu alikuwa bado hajalibana. Lilikuwa katika muundo wa DV kama lilivyotoka kwenye kamera, picha megabiti 25 kwa sekunde, na ukijumlisha sauti na vinginevyo ni karibu megabaiti 3.6 kwa sekunde. Saa moja ni gigabaiti 13.

Mfereji unatoa 3.6, bomba linaleta 2.4. Haba na haba hujaza kibaba, kweli, lakini kibaba hiki kilikuwa kinachotwa kwa kasi kuliko kinavyotiwa. Bafa ya megabaiti 100 ilituongezea kitu kimoja tu: badala ya kuganda baada ya sekunde kumi na mbili, picha iliganda baada ya dakika moja. Tangi hata lingekuwa la ukubwa wa nyumba, kanda ya saa tatu ingelimaliza. Bafa husawazisha njia inayoyumba. Njia nyembamba haipanui.

Mtoto wa kaka yetu alisema tulibane faili na hili. Dada mkubwa alikataa kulibana lile la asili, na tuko upande wake. Kanda yenyewe inazeeka, na nakala ya DV ndiyo iliyo karibu zaidi na kanda, ukiibana ukaifuta hutaipata tena. Tulikubaliana libaki lilivyo, na nakala zilizobanwa ziwe za kupelekewa kinamama wa ukoo walioko London na Muscat. Anayeweza kuichomeka diski moja kwa moja kwenye kisanduku cha televisheni aichomeke, asijisumbue na haya yote. Yetu inakaa juu kwa sababu Mama ana televisheni chumbani pia.

Dawa ikawa waya. Mita kumi na tano za waya wa mtandao, kutoka kwenye ruta, chini ya ukingo wa zulia la ngazini ili mzee asijikwae, hadi nyuma ya televisheni. Tundu la waya la Raspberry Pi 3 huchukua megabiti 100 kwa sekunde, na sisi tulikuwa tunahitaji kama 29. Jumapili nzima ilikwisha tukiwa tumepiga magoti na nyundo ndogo. Na kompyuta ya juu nayo ilikuwa tayari na waya wake hadi kwenye ruta, la sivyo kazi ingekuwa bure, maana njia ni nyembamba kama sehemu yake iliyo nyembamba kuliko zote.

Kilibaki kimtetemo kidogo, hasa kamera ilipokuwa inapita taratibu juu ya vichwa vya watu, picha inaruka kidogo kidogo kwa mpangilio uleule. Bafa haina habari na kigugumizi cha namna hii. Video za kwetu na za Uingereza zilirekodiwa kwa mfumo wa PAL, picha 25 kwa sekunde, na kisanduku chetu kilikuwa kinaipelekea televisheni mara 60 kwa sekunde. Ishirini na tano haiingii kwenye sitini bila mabaki. Kwenye mipangilio ya kuchezea kuna mahali pa kuiambia Kodi ibadilishe mwendo wa skrini ulingane na video. Tukapawasha, ikaenda kwa 50, kwisha.

Jumamosi iliyofuata Mama aliketi kwenye kiti chake. Hatukualika mtu. Kanda ikaenda, bibi harusi akapambwa, vugo likapigwa hadi pembe moja ikapasuka, na mwisho Mama Mkubwa akasogea kwenye kamera uso ukajaa.

"Mdogo wangu," alisema, "lile sufuria la pilau uliloniachia nimemwazima jirani. Ukija ulidai mwenyewe, mimi yule mama namwogopa." Wanawake nyuma yake wakaangua kicheko, na yeye akacheka hadi akaishika kamera kwa mkono.

Mama alisema halikurudi, lile sufuria, na lilikuwa na mfuniko wake. Akatutajia jina la jirani. Akasema turudishe nyuma. Tulirudisha mara tano, na ile robo ya bafa iliyotengwa kwa ajili hiyo ikafanya kazi yake bila kuganda hata mara moja.

Zimebaki kanda kumi na moja za ndugu zetu wa hapa Leicester na Coventry, tatu kati yake zimeanza kuota ukungu mweupe kwenye ukingo. Deki tuliyoazima imerudi kwa mwenyewe na baadaye ikafa. Kiwanda cha mwisho kinachojulikana kuwa kilitengeneza deki za VHS, Funai cha Japani, kilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, kwa hiyo mpya hazipo, na za mtumba zinazouzwa huku nyingi hula kanda. Kama kuna msomaji mwenye deki ya PAL inayofanya kazi, iliyokaa kabatini, tunaomba atujulishe kupitia wahariri. Tutaifuata popote Uingereza kwa gari, tutaitumia wiki mbili, na itarudishwa. Akina dada wanaotaka kujifunza kuhamisha kanda zao za kupamba wenyewe waje Jumamosi yoyote baada ya adhuhuri. Wanaume watasubiri ukumbini, sambusa zitawafikia.